Mota ya Kugeuza Shingo

Bosibori huuza mota kwa kilo, nyuma ya Barabara ya Kirinyaga.
Zimelala kwenye karai kama viazi vilivyokosa mnunuzi.
Nilimwambia nataka ya kugeuza kamera
nikiwa nimesimama mbali, kidude cha kubonyeza mkononi.
Hakuuliza nina pesa ngapi. Aliuliza:
kamera yako ina uzito gani?

Miaka tisa naibeba begani
na sikujua uzito wake.
Akaiweka kwenye mizani ya misumari. Kilo moja na robo,
pamoja na lenzi, pamoja na vumbi la Lang'ata.

Kazi yangu ni harusi na mazishi.
Harusi hulipa. Mazishi huahidi.

Akaanza kunichagulia kama anayenitafutia mchumba.
Hii ya waipa ya Probox, ina kifua,
ingefungua hata mlango wa godauni,
lakini sikia. Akagusisha nyaya kwenye betri,
ikanguruma kama mtu aliyekatiziwa usingizi.
Hapana, mama, padri atasimamisha sala.
Hii ya maikrowevu ni mpole, hana maneno,
ila leo ukimwasha ataenda kulia, kesho kushoto, apendavyo,
na anataka umeme wa ukutani.
Makaburini ukuta uko wapi?
Hii ya helikopta ya mtoto inakimbia bila kujua iendako.
"Mwenye mbio si mwenye nguvu," akasema,
"mpe giya apunguze wazimu, ndipo abebe."
Ya printa ikapiga hatua, ikatua, ikapiga hatua,
nadhifu, kama askari jela siku ya gwaride.
Picha yake ingekuwa na kwikwi.

Sikumwambia kwa nini naitaka.
Mwezi wa pili nilipiga goti mbele ya mjane
nikitafuta pembe nzuri,
naye akaacha kulia, akatengeneza kitambaa chake cha kichwa.
Hilo tu.
Akatengeneza kitambaa, kwa sababu yangu.
Usiku, nikiunga picha, niliirudia sekunde ile
hadi chai ikaota utando.
Nikaifuta. Haikufutika.

Mwisho, chini kabisa ya karai, akatoa ya dirisha la gari.
Giya yake imejiviringa kama skrubu:
ukizima inabaki ilipofika,
upepo hauisukumi, uzito hauirudishi.
"Mia nne."
Mia tatu.
"Mia nne, na nati zake."

Kayole, nikaifunga kwenye ubao wa kukatia sukuma.
Mwende akauliza, ubao wangu?
Nikamwambia kesho. Ile kesho bado haijafika.
Nikaikalisha juu ya mpira wa ndala isitetemeke,
nikaipunguzia volti, nikaipunguzia tena,
hadi ikaenda kama kivuli ukutani.
Ikampitia mtoto aliyelala, kutoka unyayo hadi paji la uso,
na mtoto hakugeuka.
Hapo nikajua.

Jumamosi niliisimamisha kwa miguu yake mitatu, kando, peke yake.
Nikabonyeza. Ikatazama.
Hakuna aliyejinyoosha tai, hakuna aliyefuta pua haraka.
Mama mmoja alilia kwa uso wote,
mdomo wazi, kamasi na kila kitu, kama inavyotakiwa.

Nilikuwa nimepiga hesabu ya kila kitu isipokuwa mikono yangu.
Ilining'inia. Sikujua pa kuiweka.
Kijana mmoja mwenye jasho shingoni akaiona mitupu,
akanipa beleshi.

Nilipoinama, kidude kikajibonyeza mfukoni.
Nimejiona jana usiku kwenye skrini:
kamera inawaacha wenyewe polepole, inapita shada za maua,
inamfikia mtu fulani, shati nje, anafukia,
inampita, inaendelea,
inamaliza dakika nne ikitazama ua na gari la kukodi.

Sehemu ile sijaikata.
Ila Jumatatu narudi kwa Bosibori.
Lazima awe na swichi
ya kuiambia shingo mwisho ni hapa.